Selimundu kwenye ukoo wa Wachagga "halisi": nilivyomfuatilia babu aliyeletwa Kibosho akiwa mtoto

#1 Mkibosho Mpole

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mwanangu wa pili ana selimundu (sickle cell). Sasa ana miaka sita. Alipokuwa na miezi minane, asubuhi moja mama yake alimtoa kwenye blanketi akakuta mikono yote miwili imeumuka kama maandazi, vifundo vya vidole havionekani. Ukimgusa analia sauti moja ndefu isiyokata. Zahanati ya kwanza (siitaji jina) wakasema malaria, tukapewa mseto. Ya pili wakasema mtoto kaangushwa na dada wa kazi. Dada wa watu tukamfukuza kwa kosa ambalo hakulifanya, na mpaka leo sijui nimtafutie wapi nimwombe radhi. Mara ya tatu homa ilirudi na macho ya njano, tukapanda KCMC, hospitali ya rufaa Moshi, damu ikachukuliwa. Jibu likatoka: SS, yaani selimundu yenyewe.

Mama yangu aliposikia alisema neno moja tu: "Hayo ni ya Ziwani."

Mke wangu ni mtu wa Ukerewe. Na kwao kweli kuna kaka yake alifariki na miaka minne, wakasema ni bandama. Kwa hiyo mama akawa na ushahidi wake mkononi. Sisi huku juu kwenye migomba hatuna ugonjwa huo, haujawahi kusikika, basi kesi imeisha. Hakuna aliyemtukana mke wangu, niseme ukweli. Ila Desemba tukipanda nyumbani, kata ya mbege (pombe yetu ya ndizi) ikizunguka, lazima atokee mtu wa kusema "damu za watu wa ziwa ni nyepesi", halafu anamwangalia mtoto kwa huruma. Mke wangu akianza kudai tusilale kule juu Julai kwa sababu baridi inamwamshia mtoto maumivu, ikawa mkamwana anaringa, hataki nyumba ya wakwe.

Miaka mitatu ilienda hivyo, nami nimenyamaza. Kunyamaza kulinifaa.

Siku moja kliniki muuguzi mtu mzima akaniuliza, "Baba, wewe umepima?" Nikamwambia mimi Mchagga wa Kibosho, kwetu haipo. Akanitazama juu ya miwani: "Mtoto wa SS amebeba S mbili. Moja kapewa na mama yake. Nyingine kaiokota barabarani?"

Nikapima. AS, yaani nabeba S moja bila kuugua.

Nikarudi nyumbani kwa kisingizio cha sukari na presha, nikamshusha mzee wangu na mama, wote wakapimwa. Mama AA, hana S kabisa. Mzee AS. Yaani katika nyumba nzima, yule aliyekuwa anapiga kelele ndiye pekee ambaye damu yake haikuwa na neno, na ugonjwa ulikuwa umelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na kitu.

Swali likabaki: mzee kaitoa wapi? Nitaendelea, ngoja niweke simu chaji.

#2 Kiroba cha Nazi

Mkuu kabla hujaenda mbali, pima DNA ya mtoto kwanza. Mimi nimemaliza.

#3 Mkibosho Mpole

Nilijua atatokea tu. Mkuu, ningekuwa AA hapo ungekuwa na hoja, maana baba AA kwa kawaida hapati mtoto wa SS. Mimi ni AS na dogo ana masikio yangu haya haya ya popo. Halafu hicho kipimo hakinunuliwi dukani kama vocha. Kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, inapitia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi yanapelekwa na mahakama, wakili, ustawi wa jamii na wengine wa namna hiyo.

#4 Nesi wa Majengo

Mleta mada pole, na hongera kwa kupima. Wanaume wengi wakifika hapo wanapotea, kliniki anabaki mama na mtoto.

Niweke sawa kidogo kwa wanaopita. Mwenye AS si mgonjwa. Anaishi, analima, anazeeka. Ndiyo maana S inaweza kusafiri vizazi vitatu vinne bila mtu kujua, mpaka ikutane na S nyingine. AS akizaa na AA, kila mimba ina nusu kwa nusu ya kutoa AS, na SS haitoki. AS kwa AS, kila mimba robo ni SS. Ni kila mimba, wapendwa. Kuna watu wanadhani ukishapata mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamepona. Haiendi hivyo.

Na kwa nini milimani ilikuwa adimu: malaria. Mwenye AS akiwa mtoto anahimili malaria kali kuliko mwenzake wa AA, hivyo penye mbu wengi S ilidumu, penye baridi haikuwa na faida. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha jambo hili mwaka 1954. Alikuta pwani ya Kenya na kando ya Ziwa Victoria zaidi ya mtu 1 kati ya 5 ana chembe hiyo, nyanda za juu hawafiki 1 kwa 100. Kwa hiyo mama yako hakuwa mjinga, mkuu. Alichoona kwa macho kilikuwa kweli, kosa lake ni kudhani kila aliyezikwa chini ya mgomba wa Kibosho alizaliwa chini ya mgomba huo.

#5 BintiUru

Nesi hapo mwisho umenimaliza. Mangi endelea, simu imeshajaa.

#6 Mkibosho Mpole

Nimerudi.

Babu yangu, mzaa baba, alifariki 2011. Ukimuuliza kwao wapi anakuonyesha kwa fimbo: "Hapa." Sisi wajukuu hatukuwahi kushtuka. Lakini watu wa Kibosho watanielewa nikisema hivi: kihamba chetu (shamba la ukoo la migomba) kina makaburi mawili tu, la babu na la bibi mkubwa. Jirani wa juu ana vizazi vinne pale nyuma ya nyumba, na masale, ile mimea yetu ya majani marefu, yamezunguka. Jirani wa chini hivyo hivyo. Sisi baba yake babu hatuna, hata jiwe. Na kihamba chenyewe kiko ukingoni kabisa, mteremkoni kuelekea mtoni, sehemu ambayo mtu hampi mwanawe wa kwanza wala wa mwisho. Nimepita hapo maisha yangu yote nikienda kuchota maji na sikuona kitu.

Nikamfuata bibi mmoja tunayemwita shangazi, anakaribia tisini, macho yamekwenda ila akili ipo. Nilimpelekea sukari kilo mbili na kitenge. Nikamweleza habari ya damu. Alikaa kimya mpaka nikadhani kasinzia, kisha akasema, "Mimi na babu yako hatukunyonya ziwa moja."

Baba yake shangazi alikuwa mnyapara kwenye mkonge, Korogwe. Usiku mmoja alirudi likizo kwa treni, akapanda mlima na mtoto wa kiume. "Amevaa gunia, tumbo mbele, miguu kama ya korongo. Kichagga hajui, na Kiswahili chake tulikuwa tunacheka." Baba wa mtoto alikuwa manamba, kibarua wa mkataba, akafia kambini. Wenzake walipomaliza mkataba walirudi kwao, mtoto akabaki anazunguka jikoni kwa wapishi. Mnyapara akamchukua. Shangazi hafichi: hakuchukuliwa awe mwana, alichukuliwa akate majani ya ng'ombe. Ng'ombe wetu wanakaa ndani, wanalishwa humo humo, na kukata majani ni kazi isiyoisha. Uwana ulikuja baadaye, polepole, na kihamba cha ukingoni kikaja nao.

Nikaenda parokiani. Misheni ya Kibosho ni ya tangu 1893, na vitabu vya ubatizo wanavitunza. Paroko alinikubalia, katekista akaninong'oneza nisiguse kurasa kwa vidole vyenye mate. Kitabu ni kikubwa kama mlango wa kabati, kimeandikwa Kilatini kwa wino uliogeuka kahawia. Tulimpata kwenye kurasa za mwaka 1947. Jina la ubatizo, kisha "annorum circiter 9", paroko akatafsiri: umri kama miaka tisa. Safu ya baba: "defunctus, Korogwe". Safu ya mama: mstari tu, umevutwa kwa rula. Msimamizi: yule mnyapara. Pembeni kabisa, kwa miandiko miwili tofauti, ndoa zake mbili, maana Kanisa likikufungisha ndoa linarudi kuandika kwenye ubatizo wako. Bibi mkubwa alifariki, babu akaoa tena.

Huo mstari wa rula niliuangalia muda mrefu kuliko maandishi yenyewe.

Ndoa mbili zikanipa wazo. S ya mzee ingeweza kutoka kwa babu au kwa bibi mkubwa. Nikamwomba baba mdogo, mtoto wa bibi mdogo, akapime. AS. Mama tofauti, baba mmoja.

#7 Fundi Saa

Hii chai imeiva vizuri. Manamba, gunia, Kilatini. Mkuu andika tamthilia.

#8 Mzee wa Njoro

Fundi Saa, kijana, si chai. Baba yangu mimi alikuwa manamba. Jina lenyewe limetokana na namba, unapewa kipande chenye namba na kila siku uliyokata mkonge inawekwa alama, mpaka zitimie thelathini ndipo ulipwe. Siku thelathini za kazi, si za kalenda, hivyo mtu anaweza kutafuta kipande kimoja miezi miwili. Wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri mwaka 1944, SILABU, wakachota watu Kigoma, Songea na kwingineko. Mtu wa Kigoma anapanda reli ya kati, halafu anahamishwa, maana reli ya kati na ya Tanga hazikuunganishwa mpaka 1963. Wengine walikuja na wake na watoto. Wengi hawakurudi.

Kutoka Korogwe kuja Moshi lakini ni treni moja tu, reli ya Tanga imefika hapa tangu 1911. Kwa hiyo mnyapara kupanda nayo na mtoto haina ajabu yoyote. Hapa Njoro ninavyoandika nina majirani wanne ambao "kwao" ni hadithi kama hiyo, na TPC kule Arusha Chini kwenye miwa ndiyo usiseme.

#9 Nesi wa Majengo

Mleta mada, hoja yako ya wake wawili ni nzuri ila si ushahidi kamili. Inawezekana bibi mdogo naye alikuwa na S yake. Kwa wanawake wawili wa milimani wasio na undugu uwezekano ni mdogo, lakini mdogo si sifuri. Una ndugu wa upande wa bibi mkubwa?

#10 Mkibosho Mpole

Wapo, Umbwe. Wadogo zake wawili wamekubali, wote AA. Najua nayo haifungi kesi, ila imeegemea kwa babu sana.

#11 BintiUru

Si upime DNA ile ya kutuma mate nje, wanakuambia asilimia ngapi kabila gani?

#12 Nesi wa Majengo

Kwa S yenyewe msitegemee. Tanzania walio wengi wana aina moja ya S, ile inayoitwa ya Kibantu. Mkerewe, Mzigua, Mngoni, ukiwaweka pamoja S haikuambii nani ni nani. Inakuambia tu kwamba mahali fulani nyuma kulikuwa na mbu.

#13 Mkibosho Mpole

Ndiyo maana nimeleta huku. Nina vipande viwili tu vilivyobaki.

Kimoja: babu kila alfajiri akiingia kwa ng'ombe alikuwa anawaambia "mwakeye". Ng'ombe, si watu. Sisi tulijua ni neno la ng'ombe, kama unavyosema "hoo" au "chaa". Mpaka sasa mdogo wangu anayefuga Machame anawaambia ng'ombe wake vivyo hivyo.

Cha pili: shangazi anasema alikuja na jina refu, linaanza na "Nta", watoto likawashinda wakamwita Manamba. Alikuwa akiitwa hivyo anarusha mawe. Akaacha kurusha alipobatizwa.

#14 Kasulu Kwetu

Mleta mada nimesoma uzi kuanzia juu nikifika #13 nimeweka simu chini.

Mwakeye ni salamu. Ni salamu ya asubuhi, kwetu Buha, Kigoma. Mama yangu ananipigia simu kila siku neno la kwanza ni hilo.

Mzee alikuwa anawaamkia.

#15 BintiUru

Jamani.

#16 Mzee wa Njoro

Kwa tahadhari tu: Warundi nao wana "bwakeye", na waliovuka kuja mkongeni walikuwa wengi. Msikimbilie.

#17 Kasulu Kwetu

Kweli mzee, lugha zinagusana. Lakini mtoto amesema mwakeye, hajasema bwakeye. Mimi nitampokea, Warundi wakija kudai tutazungumza.

#18 Kiroba cha Nazi

Nimejifuta #2. Mke wako hali yake vipi, na mama mkwe?

#19 Mkibosho Mpole

Mrejesho basi.

Nilimweleza mama majibu yote, na ubatizo, na Korogwe. Hakusema kitu. Alfajiri alienda nyuma ya nyumba akakata jani la isale, akalifunga fundo, akamletea mke wangu jikoni, akampa kwa mikono miwili, akaondoka. Wachagga mnajua uzito wake. Ukiletewa isale umeombwa msamaha, na kukataa ni jambo kubwa. Mke wangu wa Ukerewe hakujua. Akashukuru, akaliweka kwenye kikombe cha maji dirishani kama ua. Mama alipoliona pale jioni alicheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza kuwasikia wanacheka pamoja. Baadaye nilimweleza mke wangu maana yake. Akasema, "Sawa. Lakini Julai hatulali huku." Na hatulali.

Kwa ndugu zangu hali si nzuri hivyo. Tumezaliwa watano. Mimi AS, dada wa Arusha AS, mmoja AA. Wawili wamegoma. Kaka mkubwa ameniambia wazi: "Nikipima nimekubali kwamba sisi si wa hapa." Nimemwambia kipimo kinasoma damu, hakisomi hati ya kihamba. Hanielewi, au ananielewa sana, maana kuna jirani tayari ameanza kuulizia mpaka wa ule mteremko. Binti yake kaka anaolewa mwakani na kijana wa Tanga. Nimempigia binti mwenyewe, nikamwacha baba yake na heshima yake. Ameenda na mchumba wake wamepima. Majibu ni yao, siyaweki hapa.

Mtoto wangu wa kwanza ni AS, anajua, ana miaka kumi na anaichora daftarini kama herufi za timu. Huyu mdogo anaendelea. Alimaliza penisilini alipofika miaka mitano, foliki anameza kila siku, haidroksiyurea imepunguza kulazwa sana ingawa mwezi mwingine kuipata ni kuzunguka duka hadi duka. Chupa ya maji haimtoki shingoni. Mwalimu wake ilibidi tumweleze mara tatu kwa nini anaomba kwenda chooni kila kipindi.

#20 Nesi wa Majengo

Chandarua pia, mkuu, msisahau. Mwenye SS malaria inamuumiza vibaya, kinga ni ya AS. Na homa yoyote ni hospitali siku hiyo hiyo, pamoja na kumpapasa bandama ubavu wa kushoto kama mlivyofundishwa.

#21 Mkibosho Mpole

Chandarua kipo, na kupapasa mama yake ni fundi kunizidi.

Kasulu Kwetu, mzee wangu umri umekwenda na amesema anataka kwenda kabla magoti hayajamgomea. Tunapanga baada ya kuvuna kahawa. Tukishafika Kasulu tunaanzia wapi? Nimeandika jina la babu la ubatizo na mwaka.

#22 Kasulu Kwetu

Hilo jina la ubatizo liache Kibosho, huku hakuja nalo. Nenda kwa wazee, uliza nyumba ambayo baba alienda mkongeni na mtoto wa kiume wakati wa vita ya Hitler, wasirudi wote wawili. Nyumba kama hizo zinakumbukwa, kwa sababu mama alibaki anasubiri.

Na uwaambie jina linaanza na Nta.

Ila nikuonye mapema, hapo umenitajia nusu ya wilaya.

#23 Mkibosho Mpole

Nusu ni nafuu. Nilianza na nchi nzima.